Bei za omena kwa mpangilio wa tarehe: dict, bisect au SortedDict?

Shangazi yangu anauza omena (dagaa) sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Programu niliyomwandikia kwa Python huulizwa mambo matatu tu. Gorogoro (kopo la kupimia) iliuzwa pesa ngapi siku fulani? Kama siku hiyo hakufungua, bei ya mwisho kabla yake ilikuwa ipi? Na bei zote kati ya tarehe hii na ile, zikifuatana.

Swali la kwanza ni kazi ya dict, kamusi ya Python inayokupa thamani ukitaja ufunguo wake; yangu inaitwa bei, tarehe ndiyo ufunguo na pesa ndiyo thamani. Rekodi ziwe mia au laki, jibu huja upesi vilevile. Ila tangu Python 3.7 dict hukumbuka mpangilio wa kuingiza, si wa funguo. Shangazi akikumbuka mauzo ya Jumanne siku ya Ijumaa, Jumanne itakaa mkiani. Kama unataka ripoti moja tu jioni, andika sorted(bei) ukalale.

Maswali mengine mawili ndiyo yalinipeleka kwa bisect, moduli ya Python ya kutafuta nafasi ndani ya list (orodha) iliyopangwa. Baki na dict, na kando yake uwe na list ya tarehe zilizopangwa:

i = bisect_right(tarehe, siku)
if i:
    print(bei[tarehe[i-1]])

Hiyo if usiiache. Siku ikitangulia rekodi zote, i ni 0, na tarehe[-1], ambayo kwa Python ni ya mwisho kwenye list, itakupa bei ya juzi bila kulalamika. Kwa swali la tatu, kata list kuanzia bisect_left ya tarehe ya kwanza hadi bisect_right ya tarehe ya mwisho. Utafutaji huu hugawa list nusu kwa nusu: tarehe 1,000 ni hatua kama 10.

Tarehe mpya iingize kwa insort, ya bisect pia, ambayo huiweka mahali pake, lakini kwanza hakikisha haimo kwenye bei, la sivyo itajirudia. Insort husukuma vyote vinavyofuata baada ya nafasi hiyo. Kwa maelfu machache hutahisi chochote.

Ukiingiza na kufuta mfululizo kwenye data kubwa, chukua SortedDict ya maktaba ya sortedcontainers, dict inayoweka funguo zake zikiwa zimepangwa. Irange(a, b) yake hupita katikati ya funguo mbili moja kwa moja. Haiji na Python, huwekwa kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python. Kwa laptopu ya shangazi sikuona haja.

Kilichonitesa hasa ni funguo zenyewe. Nilikuwa nimehifadhi tarehe kama maandishi, na "10/3/2024" ikawa inatangulia "9/3/2024", maana Python hulinganisha herufi kwa herufi, na 1 iko kabla ya 9. Jumapili nzima nililaumu bisect bure. Sasa ninaandika date(2024, 3, 9) ya moduli ya datetime, ambayo hulinganishwa kama tarehe, si kama maandishi.