Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka na Baiskeli Arusha na Moshi

Watu wengi hukagua upepo wa matairi kabla ya kutoka, lakini ni wachache wanaojikagua wenyewe, ingawa watu wawili wanaopita na baiskeli za aina moja kati ya Sakina na Tengeru hawakabiliwi na hatari iliyo sawa.

Kwa mtoto, tatizo ni kwamba bado hajui kukadiria kasi ya gari linalomjia, na kimo chake humficha nyuma ya Noah iliyosimama kituoni. Mzazi amchagulie njia za mtaani, na barabara kuu aivuke akiikokota baiskeli. Mzee huwa mwangalifu zaidi, ila mwanguko ambao kijana angeinuka na kujipangusa vumbi unaweza kumvunja yeye nyonga. Kabla ya safari ajaribu, mahali pasipo na magari, kutazama nyuma huku akiendesha. Usukani ukiyumba, afunge kioo cha pembeni.

Kuhusu jinsia, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na wanaume ndio wengi kuliko wanawake. Kwa upande wa baiskeli, sababu mojawapo ni kwamba wanaume huendesha zaidi na kwenda mbali zaidi. Lakini hilo lisiwe kisingizio, kwa sababu mwendo wa kasi, safari za usiku na kupanda baiskeli baada ya mbege navyo vimo. Mwanamke naye ana ya kwake ya kuangalia: kanga au kitenge kisiachwe kikaning'inia karibu na spoki, na mtoto anayebebwa kwenye keria awe na mahali pa kuweka miguu. Tena, mjini London imeonekana kwamba wanawake wengi waliouawa wakiwa kwenye baiskeli waligongwa na malori, hasa yaliyokuwa yakikata kushoto. Sisi pia tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mtu yeyote anayesubiri kwenye makutano asijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara. Abaki nyuma, mahali anapoweza kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake.

Umri na jinsia havibadiliki asubuhi ya safari, bali mazoea hubadilika, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Anayeshuka na mikungu ya ndizi kutoka Kibosho hadi Moshi mjini ajaribu breki akiwa tayari amepakia mzigo, kwa kuwa breki inayotosha bila mzigo huenda isitoshe kwenye mteremko, na wakati wa masika, rimu zikilowa, baiskeli huchelewa zaidi kusimama. Anayerudi nyumbani baada ya saa 12 jioni awe na taa nyekundu nyuma inayowaka kweli; kiakisi peke yake hungoja taa za gari zikimulike, na bodaboda nyingine hupita bila taa.

Kofia ngumu ivaliwe na wote. Hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban nusu, mradi iwe imekaa sawa juu ya nyusi na mkanda wake umefungwa chini ya kidevu. Ya mtumba ikaguliwe nyufa kwa ndani kabla ya kulipiwa, na iliyowahi kupigwa kwa nguvu isitumike tena.