Jinsi ya kuchukua sare kwenye chesi kwa ufunguzi wa Berlin, na kuidai kwa refa bila kuharibu

Juzi nilikuwa namwelekeza dogo mmoja, anaingia raundi ya mwisho na sare tu inamtosha, nikaona niandike na hapa. Ufunguzi ni Berlin, wewe ukiwa mweusi, ule ule Kramnik alioutumia kwenye mechi ya ubingwa wa dunia London 2000 mpaka bingwa Kasparov akamaliza gemu 15 bila kushinda hata moja, ila sisi tunapita tawi jingine. Weka ubao wa kweli mezani. Kwenye simu kuna app zinagawa sare zenyewe, hutajifunza kitu.

Kwenye maandishi ya miendo: N ni farasi, B askofu, Q malkia, isiyo na herufi ni kitunda, x ni kula, + ni cheki (mfalme anatishwa), O-O ni kujificha (mfalme na ngome kusogea pamoja).

1. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6. Hii unaijua.

2. Mweupe akila 6.dxe5, nenda Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 d5 9.exd6 Nxd4 10.Qxd4 Qxd6. Akila 6.Bxc6 basi hataki sare, jiandae kukesha.

3. 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4. Malkia wanacheza kidali poo.

4. Sasa TULIA. Hesabu picha ya ubao, usihesabu cheki: picha ile ile ikitokea mara tatu, una haki ya kudai sare. Malkia d4 na d6, zamu ya mweupe: imetokea baada ya mwendo wa 10, wa 12, na 14...Qd6 italeta ya tatu. Usimguse malkia, ukigusa tu haki ya kudai kwa mwendo huo imekwenda. Andika Qd6 kwenye karatasi (kwa peni, penseli achia wanafunzi), simamisha saa, mwite refa umwambie mwendo huu unaleta picha mara ya tatu. Usisubiri aje mwenyewe, yeye anaingilia ikifika mara tano. Ukikosea hesabu mpinzani anaongezewa dakika 2 na mwendo ulioandika lazima uucheze. Na kama katikati mfalme au ngome ilisogea ikapoteza haki ya kujificha, picha ile siyo ile tena hata kama kete zimekaa vilevile. Hata tonamenti ikikataza kukubaliana sare kabla ya mwendo wa 30, hii inapita, maana huombi, unadai.

Mimi nilisogeza malkia, nikagonga saa, ndo nikanyoosha mkono. Refa: "Zamu siyo yako tena." Jamaa akatabasamu, akala 15.Qxd6, tukasukumana masaa matatu mpaka wakabaki wafalme wawili. Sare ile ile, ila na njaa.

5. Saini karatasi zote mbili, ½-½, katafute chapati.