Kabla Hujafunga Safari Kwenda Kutafuta Shamba la Babu huko Carbery, Ayalandi

Koti la mvua na buti, hilo halina mjadala. Ukiona ukuta wa mawe usiuruke, bisha hodi kwanza.

Kisha ujue ngazi za ardhi ya Ayalandi. Juu kuna majimbo 4 ya kale, chini yake kaunti 32, halafu baronia, yaani mafungu ya kale ya kaunti, zaidi ya 300, halafu parokia, na mwisho vitongoji zaidi ya 60,000. Baronia nyingi zilifuata mipaka ya tawala za kale za koo za Kigaeli, wenyeji wa kale wa kisiwa. Carbery, kusini-magharibi mwa kaunti ya Cork, ilikuwa ya ukoo wa MacCarthy Reagh, na kwa ukubwa wake ikaja kukatwa vipande 4. Sheria ya 1898 ilihamishia kazi za serikali za mitaa kwenye mabaraza mapya, baronia zikabaki jina tu. Kijana wa kituo cha mafuta usimuulize, hajui. Ila ukifungua daftari la Griffith la tathmini ya ardhi, la 1847 hadi 1864, baronia utaikuta imeandikwa.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mama mkwe wangu ana barua ya bibi yake, na anwani ni neno moja: Carbury. Mimi mjuaji nikafungua ramani, nikaiona kaunti ya Sligo, nikawasha gari. Kutoka Dublin hadi Drumcliff, chini ya mlima Benbulben, tukazunguka makaburini kutwa nzima, mvua ya ubavu, na mama ana miaka 78. Jioni mzee mmoja akatuuliza tunatafuta ukoo gani. Driscoll, tukamjibu. Akacheka hadi akashika ukuta. Hao ni watu wa bahari ya Baltimore, akasema, kule Cork. Mmekuja pembe nyingine kabisa ya kisiwa.

Kumbe baronia za jina hilo ziko tatu! Ya Sligo, ya Kildare, na hii ya Cork ambayo siku hizi huandikwa Carbery. Zote jina lake linarudi kwenye Cairbre, jina la kale la Kigaeli, na waandishi wa zamani waliliandika walivyosikia. Njiani kurudi, mama hakunisemesha hadi Longford.

Kwa hiyo anza na jina la ukoo, uliza ukoo huo ulikaa wapi, ndipo utafute baronia. Usitegemee sensa za 1821 hadi 1851, karibu zote ziliungua katika jengo la Four Courts, Dublin, mwaka 1922. Ya kwanza iliyosalia nzima ni ya 1901.

Angalia pia parokia: ya serikali na ya Kanisa Katoliki hazilingani mipaka, hata zikiwa na jina moja. Weka mafuta ya kutosha, barabara za Carbery ni nyembamba na zina kona. Usinunue cheti cha ukoo dukani. Na mbwa wa mashambani wakikujia, usikimbie.