Kabla ya Kuja Kusoma Nairobi: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Bado Nyumbani

Mwanafunzi anayetoka Bujumbura, Goma, Juba au Mwanza kuja kuanza chuo Nairobi huhangaikia nyumba na nauli. Mimi ningemwomba ahangaikie karatasi kwanza, na afanye hivyo angali kwao. Huku kila karatasi inaitisha nyingine, na stakabadhi unayoipata kwa asubuhi moja kwenye shule uliyosomea itakula wiki nzima za simu na vifurushi vya basi ukishavuka mpaka.

Anza na vyeti. Beba vyeti halisi vya sekondari, matokeo yako na cheti cha kuzaliwa, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Kama ni vya Kifaransa au Kiarabu, vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika, kwa kuwa vyuo vikuu vya Kenya hufundisha kwa Kiingereza. Halafu kuna kulinganisha vyeti, jambo ambalo wengi hulisikia wakiwa tayari wamefika: cheti cha kigeni hupimwa ili ijulikane kinasimama wapi katika mfumo wa Kenya. Mamlaka ya serikali inayosimamia viwango hivyo ni KNQA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu ya Kenya, iliyotokana na sheria ya 2014. Iandikie ofisi ya usajili ya chuo chako, uulize wanataka barua ya nani hasa, kabla hujamlipa mtu yeyote.

Tazama pia tarehe ya mwisho ya pasipoti. Ikiwa inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza. Na ukitoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kadi ya chanjo iwe mkononi, isiwe ndani ya sanduku.

Sasa kibali cha mwanafunzi, na hapa naomba usome polepole. Muhuri unaogongewa mpakani Namanga au Busia, au uwanja wa ndege, ni wa mgeni aliyekuja kutembea. Haukupi ruhusa ya kusoma. Kibali huombwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji, ambayo makao yake ni Jumba la Nyayo, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Utahitaji barua ya chuo kwa idara hiyo, nakala za pasipoti na vyeti, picha, na barua ya mzazi au mfadhili anayeahidi kukulipia karo. Hiyo ya mwisho ndiyo huchelewesha watu: baba yuko shambani au safarini, na sahihi yake inangojewa Nairobi. Aiandike kabla hujapanda basi, akuambatishie na nakala ya kitambulisho chake.

Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, iliondoa ada ya kibali hiki kwa raia wa nchi wanachama. Kwa hiyo wakala akikuitisha donge nono akisema ni la serikali, mwondokee. Ukikaa zaidi ya siku 90 unapaswa kusajiliwa na kupata kitambulisho cha mgeni. Fahamu vilevile kwamba kibali cha kusoma hakiruhusu ajira. Mzazi anayetumaini mtoto atafanya vibarua ajilipie karo aambiwe ukweli huo mapema, ili bajeti ipangwe upya nyumbani.

Pesa nazo zina mpangilio wake. Nairobi huendeshwa kwa M-Pesa, kuanzia kodi ya nyumba hadi sukuma wiki za kibandani, na laini husajiliwa kwa pasipoti. Hadi uipate, uwe na shilingi taslimu za siku chache. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo pekee, kamwe isipitie kwa mtu.

Kuhusu nyumba, usitume amana kwa picha za simu. Wiki za kwanza kaa hosteli au kwa jamaa, kisha utafute kwa miguu. Wa Chuo Kikuu cha Kenyatta huelekea Kahawa Wendani. Wa katikati ya jiji hutazama Ngara. Muulize keyateka, yaani msimamizi wa nyumba, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na kama stima (umeme) ni ya tokeni yako mwenyewe, unayoilipia kabla ya kutumia, au mnachangia. Waulize wapangaji pia, maana jibu lao mara nyingi huwa tofauti. Kodi yenyewe si hesabu kamili: nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wakitoka kazini, kwa hiyo chumba cha bei nafuu kilicho mbali kinaweza kukugharimu zaidi.

Beba sweta zito. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai anayetoka Dar au Bujumbura hutetemeka. Ukikosa nafasi sandukuni, soko la Gikomba utapata koti la mtumba.

Bima ya afya iwe tayari kabla ya masomo kuanza. Uliza kama karo yako inajumuisha zahanati ya chuo, na huduma hiyo inaishia wapi. Mwisho, piga picha kila stakabadhi uihifadhi kwenye barua pepe, umwachie na mtu mmoja nyumbani seti nzima ya nakala, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wenu Nairobi.