Malisho yaliyochoka: andaa kabla ya masika
Wafugaji wa Handeni na Mkinga, kama malisho yako yamebaki vipara, usimwage mbegu juu ya ardhi ngumu. Mvua ya kwanza itazisomba. Kwatua kwanza, mistari ikikinga mteremko, uchanganye na samadi iliyooza (mbichi inaleta magugu tu). Mbegu za nyasi za Rhodes ni nyepesi mno na upepo wetu wa pwani mnaujua, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo usie. Fukia kidogo sana, isizidi sentimita 2. Mbolea ya urea isubiri nyasi zishike, udongo ukiwa na unyevu. Kazi kubwa ni kuzuia ng'ombe: msimu wa kwanza wasiingie mpaka nyasi zidondoshe mbegu. Wenye mbuzi jirani, ongea nao mapema.