Vila ya pwani nje ya msimu: ichague kwa siku ya mvua

Swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba si bei, wala umbali wa bahari. Namuuliza: "Mvua ikishika tangu asubuhi, sisi watu tisa tutakaa wapi?" Anayeijua nyumba yake hujibu papo hapo: kuna baraza upande usiopigwa na upepo, ina meza ndefu, viti vinatosha. Asiyeijua hunitumia tena picha ya bwawa.

Hili nimejifunza kwa kuumia. Mara ya kwanza tulipochukua nyumba nzima nje ya msimu, niliipenda kwa picha. Mvua ilitushukia siku ya pili, ikatuachia siku ya tano. Baraza ilikuwepo, tena nzuri, lakini ilielekea kule kule upepo ulikotoka, na sebuleni makochi yalitosha watu wanne. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alishinda amekaa ukingoni mwa kitanda chumbani kwake, mlango wazi, akitusikiliza tunavyocheka. Hakulalamika hata mara moja. Kila nilipompelekea chai niliona kwamba kosa halikuwa la mvua. Lilikuwa langu mimi niliyechagua.

Tangu hapo nyumba ndiyo naichunguza kwanza, bahari inafuata. Jua likitoka, kila mtu atajua la kufanya.

Lakini kabla ya nyumba kuna mwezi. Jiulize kwa nini wageni wamepungua huko unakotaka kwenda. Pengine shule zimefunguliwa tu, na hali ya hewa ni njema kabisa. Pengine kuna sababu nzito zaidi. Katika Bahari ya Mediterania maji huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba mtoto ataoga kwa raha kuliko mwezi wa Mei, hata kama jua la Mei linavutia zaidi pichani. Visiwa vya Karibea ni habari nyingine: msimu wa vimbunga vya Atlantiki unahesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na vingi hutokea kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Ukiona nyumba ya huko imeshuka bei sana mwezi wa Septemba, ujue sababu ndiyo hiyo. Sri Lanka ina pwani mbili zinazopokezana: kusini-magharibi hupigwa na monsuni, pepo za msimu zenye mvua nyingi, kuanzia Mei hadi Septemba, wakati mashariki kumetulia. Pwani ya Afrika Mashariki ina masika ya Machi hadi Mei, kisha kusi linaanza kuvuma, hewa inapoa na bahari inachafuka.

Mimi hupenda pembezoni mwa msimu, zile wiki za kwanza baada ya wageni kuondoka au za mwisho kabla hawajarudi. Na nikisoma maoni ya waliokwishakaa kwenye nyumba, natafuta waliokaa mwezi ule ule ninaoutaka mimi. Sifa za mgeni wa Desemba hazinisaidii kitu mwezi wa Mei. Ukikuta hakuna hata mmoja aliyekaa mwezi huo, muulize mwenye nyumba sababu.

Kabla sijalipa chochote naomba simu ya video, mtu akiwa ndani ya nyumba yenyewe. Namwomba aanzie getini atembee hadi ufukweni bila kukata. Hapo utaona ngazi ni ngapi, ukuta wa roshani una urefu gani kwa mtoto wa miaka mitatu, na kama njia ya baharini ni yao au inapita uani kwa jirani. Kisha namwomba apande bafu la juu, afungue bomba la kuogea. Kuna nyumba nzuri ajabu niliyoiacha kwa ajili ya bomba hilo. Maji yalitoka kama uzi, naye akanihakikishia kwamba presha huwa inarudi jioni. Watu tisa wametoka baharini na chumvi mwilini, mchanga hadi masikioni, usingizi umewashika watoto: jioni ndipo wote wanapoyataka hayo maji kwa pamoja.

Kuna maswali ambayo watu husahau kwa sababu wakati wa msimu hayana haja. La kwanza ni ujenzi. Wenye nyumba wengi hungoja wageni wapungue ndipo wapake rangi, wabadilishe vigae, waongeze ghorofa. Uliza kuhusu nyumba yako na za pande zote mbili, na jibu lije kwa maandishi. La pili ni barabara: kama ni ya udongo, gari dogo litafika baada ya mvua ya usiku mzima? La tatu ni bwawa. Mvua nyingi huzimua klorini na kuleta uchafu, kwa hiyo ujue nani anatia dawa na mara ngapi kwa wiki. Sheria yangu ni kwamba kama sakafu ya bwawa haionekani, hakuna anayeingia. Uliza pia jenereta inawasha vitu gani hasa. Mara nyingi "tuna jenereta" maana yake ni taa na friji, pampu ya maji haimo, wala viyoyozi.

Kuhusu bei, wengi huomba kupunguziwa tu, na msimu huo hupunguziwa kweli. Mimi baada ya hapo naomba muda. Nyumba kama haina mgeni kabla yenu wala baada yenu, mwenyewe hapotezi kitu kikubwa mkiingia saa nne asubuhi badala ya saa tisa alasiri, au mkiondoka jioni. Kwa familia yenye mtoto mchanga na mzee, saa hizo ni karibu sawa na siku nzima ya ziada. Naomba pia tuingie katikati ya wiki. Masharti ya kughairi yasome neno kwa neno: dhoruba iliyofunga barabara au uwanja wa ndege ni jambo moja, mvua ya kawaida ni jingine, na karibu hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu ya mvua ya kawaida. Amana ya uharibifu iandikwe inarudi lini. Na kama umeipata nyumba kupitia mtandao wa kupangisha, lipa humo humo. Anayekuomba umtumie pesa pembeni ili akupunguzie, achana naye.

Nikishapata nyumba, nachora vitanda. Nachukua karatasi ya daftari, nachora kila chumba, naandika nani analala wapi, nani yuko karibu na choo, nani ataamshwa na nani. Mama mkwe yuko chini kila mara, chumba chenye bafu lisilo na kizingiti. Wazazi wa mtoto anayelia usiku wako mbali na wifi yangu, ambaye hulala kwa shida. Vijana wako pamoja, hata magodoro yakiwekwa chini. Karatasi hiyo naipiga picha, naituma kwenye kundi la familia wiki mbili kabla ya safari. Mwenye neno alitoe siku hizo. Tukifika mlangoni na mizigo, hakuna mabishano.

Sasa jikoni, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama anayepika nyumbani ndiye atakayepika na huko, huyo hajapumzika, amehamishiwa jiko jingine, tena jiko asilojua visu viko droo gani. Nimewaona dada zangu wakirudi pwani wamechoka kuliko walivyokwenda, na kila mtu akiwasifu kwa mapishi.

Kuna njia mbili. Kama mfuko unaruhusu, chukueni mpishi wa chakula cha jioni tu. Msimu huo wapishi wengi wana nafasi, na jioni ndiyo mlo unaochosha. Mkubaliane mapema: malipo yake yamo kwenye kodi ya nyumba au ni ya pembeni, nani ananunua vitu sokoni na kuleta risiti, anafika saa ngapi, siku gani anapumzika. Kama hakuna mpishi, gaweni zamu kwa wawili wawili, na msiwaoanishe wale wale wanaopika kila siku. Kwetu kijana wa miaka 14 alipangwa na shemeji yangu. Chakula chao kilichelewa saa nzima, kikaliwa chote. Aliyepika haoshi vyombo. Asubuhi kila mtu anajiandalia, na mzee na watoto wana mtu wao aliyepangwa.

Chakula cha usiku wa kwanza nakipika nyumbani, nakigandisha, nakibeba kwenye kasha la barafu. Mkifika gizani mnapasha tu. Namwomba mwangalizi wa nyumba atuwekee maji ya kunywa na ahakikishe kuna mtungi wa gesi wa akiba, maana nje ya msimu duka la karibu laweza kuwa limefungwa kabisa.

Bahari sasa. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa hadi ukutani na kumeza ufukwe wote, kisha hutoka mbali sana. Mwezi wa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Picha za nyumba hupigwa maji yamejaa, kwa hiyo omba moja ya maji yakiwa yamekupwa. Angalia jedwali la maji la wiki yenu kabla hamjapanga chochote. Wiki moja tuliyokaa, maji yalijaa adhuhuri siku za mwanzo, kisha yakasogea hadi jioni, nasi tukasogeza na chakula cha mchana.

Nje ya msimu waokoaji wa ufukweni mara nyingi huwa wameondolewa, na bendera hazipandishwi. Fundisha kila anayejua kuogelea namna ya kuutambua mkondo unaovuta kwenda kilindini. Mara nyingi ni pale panapoonekana pametulia, katikati ya mawimbi yanayovunjika pande mbili, na maji yake huwa na rangi nzito zaidi. Ukikushika, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Elea, tulia, ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke, kisha ndipo urudi. Ngurumo ikisikika, wote nje, na hakuna kurudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Baada ya mvua kubwa, kaeni mbali na midomo ya mito na mifereji kwa siku mbili tatu, kwa kuwa uchafu wote wa nchi kavu unamiminikia hapo.

Kwa watoto tuna kofia nyekundu. Anayeivaa ndiye mlinzi wa maji: hana simu, hana kitabu, hazungumzi na mtu huku amegeuka. Baada ya nusu saa anamvisha mwingine kichwani kwa mkono wake na kusema "zamu yako", na yule lazima aitikie kwa sauti. Tulianza utaratibu huu kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa hurudi nyuma, mdomo huwa usawa wa maji, na anaonekana kama anacheza. Watu wazima wanane wakiwa wamekaa pembeni ya bwawa, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Bwawa liwe na uzio pande zote nne, usiopungua sentimita 120, na lango linalojifunga lenyewe. Kama halina, mlango wa kutokea uani uwe na komeo la juu asilolifikia mtoto, na vitu vya kuchezea vitolewe majini watoto wakitoka, visije vikamvuta mdogo arudi peke yake.

Wingu lisikudanganye, jua huunguza hata kukiwa na mawingu. Losheni ya kujikinga yenye SPF 30 au zaidi hupakwa upya kila baada ya saa mbili, na kila mkitoka majini.

Ratiba ya siku sipangi, isipokuwa matembezi mawili kwa wiki nzima. Nje ya msimu piga simu kwanza, kwani boti nyingi huwa zimepandishwa nchi kavu na baadhi ya migahawa hufungwa. Siku zilizobaki ziko wazi. Kwa mvua nabeba karata, bao, fumbo moja kubwa la vipande 1,000 linaloachwa mezani wiki nzima kila apitaye aweke kipande, tochi mbili, waya mrefu wa kuongezea umeme, vyandarua na kamba ya kuanikia nguo. Kamba hiyo watu huisahau. Taulo haikauki hewa ikiwa na unyevu, na siku ya tatu nyumba nzima inanuka uvundo.

Dawa za wazee zibebwe zinazozidi siku za safari, barabara ikifungwa zisiishe. Ujue kituo cha afya cha karibu kabla hujakihitaji, na kama huwa wazi usiku.

Siku ya kuondoka napiga picha kila chumba na mita ya umeme, mwangalizi akiwepo. Kisha nageuza ile karatasi ya vitanda, naandika nyuma kabla hatujapakia gari. Ya safari iliyopita inasema: chumba cha chini, taa ya kusomea kwa mama, kochi moja zaidi barazani, kuomba mapema, magodoro ya vijana ni membamba, wabebe mikeka.