Bonasi ya mkono mkali kwenye poka ya nyumbani

Jamani mnaocheza poka ya karata saba (mbili za mkononi, tano za wote mezani) nyumbani, bonasi msiilipe mfukoni, wekeni kopo: dau la mezani likipita elfu mbili chomoa mia tia humo. Ukipata karata nne za namba ile ile unachukua nusu ya kopo, ukipata tano zinazofuatana za kopa tupu au shupaza tupu unabeba lote. Msipange kiasi maalum, maana nne za namba ile ile mtu huzipata kama mara 1 kwa mikono (migao) 595 na zinaweza kuja mbili usiku mmoja mkaishiwa. Na lazima karata zako zote mbili za mkononi zitumike, kwetu karata tatu za namba nane zilishalala mezani ikawa ugomvi mpaka saa nane usiku.